Namna tulivyotafuta avoka wa nyumba



Juma hili tunaweka pembeni mambo ya mapishi na ya masomo ya watoto. Tunataka kuwaelezea juu ya nyumba moja hapa kwetu Bel-Air, nyumba iliyokaribia kuuzishwa kwa mnada, na namna tulivyotembea kumtafutia mwenyewe avoka. Mama mwenye nyumba ametupa ruhusa ya kuandika. Aliomba tu tusitaje jina lake. Tutamuita Yaya, kama tunavyomuita siku zote, kwa sababu ni mkubwa wetu.

Ilikuwa siku ya posho, siku yetu ya mkutano na ya likelemba. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Yaya alichelewa, naye si mtu wa kuchelewa. Alifika na mfuko wa unga nusu kichwani, tukafikiri amekuja kuuzisha. Akaketi, akaingiza mkono ndani ya unga mpaka kwenye kiwiko, akatoa mfuko mdogo wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na karatasi nne zilizokunjwa, zenye mihuri.

"Bamama, munisomee hii. Miye niliogopa kufika ku mwisho."

Mmoja wetu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alizifuta unga, akazisoma polepole, akitafsiri kadiri anavyosoma. Zilitoka kwa huisie, yule mjumbe wa tribinali anayepeleka amri nyumbani kwa watu. Zilimwambia bwana wa Yaya alipe dola 7,860 kwa shirika moja la mikopo ndani ya siku 20. Asipolipa, nyumba itakamatwa na kuuzishwa mbele ya watu wote. Kwa Kifaransa karatasi hiyo inaitwa komandema, ndiyo kusema amri ya kulipa.

Tukauliza: ilikuja lini? Yaya akainamisha kichwa. Siku 9 zilikuwa zimepita. Aliificha ndani ya unga ili watoto wasiione. Bwana wake alikuwa kazini Kolwezi, na hata yeye hakuambiwa. Zilibaki siku 11.

Hakuna aliyemgombeza. Nani kati yetu hajaficha karatasi? Ya umeme, ya shule, ya hospitali. Tunaiweka chini ya godoro tukifikiri labda itajisahau. Lakini karatasi ya huisie haijisahau. Siku zake zinahesabiwa tangu ilipoachwa mlangoni, ukiisoma usiisome.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza siku ile. Mwaka wa 2019 mama mwingine wa kikundi chetu alipoteza nyumba. Alikuwa amekopa dola 1,500 kwa Bank Lambert, kama tunavyowaita wale wanaokopesha franga kwa riba kali, bila biro wala kibao mlangoni. Riba ilikuwa 30 kwa mia kila mwezi. Alimwachia mkopeshaji sertifika ya nyumba, akatia sahihi kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya dhamana tu. Kumbe ilikuwa karatasi ya kuuzisha nyumba. Mwezi wa tano yule mtu alikuja na vijana na gari, akasema nyumba ni yake tangu zamani. Sisi tulifanya nini? Tulipika. Tulibeba magodoro. Tulilia naye, tukamwombea. Hakuna hata mmoja wetu aliyetamka neno avoka. Tulidhani avoka ni kitu cha wakubwa na cha makampuni ya migodi.

Mama huyo sasa anapanga vyumba viwili Hewa Bora, na siku ile alikuwa ameketi pamoja nasi. Ndiye aliyesema wa kwanza: "Hii mara hatutabeba tena magodoro."

Tukaanza kupanga safari ya kwenda mjini.

Kabla hatujaondoka, palitokea mabishano. Baadhi yetu walisema mwanamke aliyeolewa hawezi kwenda kwa avoka bila ruhusa ya bwana. Ndivyo tulivyolelewa, na Kodi ya Familia ya mwaka wa 1987 ilisema hivyo kweli: mke alihitaji ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria. Lakini kodi hiyo ilibadilishwa Julai 2016, na ruhusa hiyo ikaondolewa. Leo sheria inataka mume na mke wasikilizane wote wawili kwa mikataba inayowafunga. Mama yeyote anayesoma hapa ashike hilo: unaweza kwenda kuuliza ushauri kwa miguu yako mwenyewe.

Siku ya kazi ya kwanza tulikwenda watatu pamoja na Yaya mpaka Palais de Justice. Hatukuwa tumevuka hata mlango tulipokutana na bwana mmoja mwenye koti jeusi, karavati, na mkoba chini ya kwapa. Alituita "bamama yangu". Akauliza shida yetu, akasikiliza kwa huruma, akasema yeye ni Metre, na kwamba jambo kama letu linamalizika kwa dola 200 tu, leo hii hii, kabla ya saa sita. Yaya alikuwa amekwisha kufungua kitambaa chake. Mwalimu wetu akamuomba yule bwana atuonyeshe kadi yake ya avoka. Akasema ameiacha nyumbani. Biro yako iko wapi? Akasema biro iko katika matengenezo. Je, utatupa risiti? Hapo akakasirika, akasema bamama wa siku hizi hawana heshima.

Yaya alifunga kitambaa chake, tukarudi nyumbani. Tulikuwa tumepoteza siku moja, lakini franga zilibaki. Baadaye tulielewa kwamba watu wa namna hiyo wanakaa karibu na milango ya kila tribinali. Hawana kazi nyingine ila kuangalia ni nani anayefika na macho mekundu.

Kesho yake shemeji wa mmoja wetu alitupeleka kwa avoka wa kweli, mwenye biro na kibao. Alikuwa mtu mchangamfu. Alisoma ukurasa wa kwanza tu, akafunga karatasi, akasema: "Bamama, musiwe na wasiwasi, muamuzi ni ndugu yangu." Akaendelea: hatahitaji makuta sasa, tutamwandikia tu kwamba nyumba ikiokoka, kipande cha parseli kitakuwa chake. Yaya alikuwa tayari kukubali. Mtu anayezama anashika hata wembe.

Mama wa 2019 akamshika mkono. Alisema mbele ya yule avoka, bila kupaza sauti: "Miye niliandikaka karatasi ya namna hii." Tukaaga kwa adabu, tukatoka. Siku chache baadaye tuliambiwa kwamba avoka haruhusiwi kufanya mapatano ya mbele ya kuchukua sehemu ya mali inayogombaniwa. Na yule anayekuahidi muamuzi anakuuzishia kitu ambacho si chake.

Usiku ule hatukulala vizuri. Zilibaki siku 8, na mikono yetu ilikuwa mitupu. Mwalimu wetu akasema tunafanya kama watu wanaonunua samaki gizani. Tuanzie pale avoka wote wanapoandikwa.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo tungetaka kila mama wa Bel-Air alijue. Avoka wote wa hapa wako chini ya Baro ya Haut-Katanga. Kuna orodha, inaitwa tablo, yenye majina ya avoka walioapishwa. Kuna mkubwa wao, batonie, na ukiona avoka amekutendea vibaya, unaweza kumwandikia yeye. Sheria inayopanga kazi yao ni ya tarehe 28 Septemba 1979, na sheria hiyo hiyo inataka Baro iwe na biro ya ushauri wa bure kwa watu wasio na uwezo. Sheria hiyo inazungumza pia juu ya wadefanseri, watetezi wasio avoka ambao wana ruhusa ya kusimama mbele ya tribinali za chini. Huyo ni mtu wa sheria pia, si mdanganyifu, lakini ni vizuri ujue uko mbele ya nani. Tena kuna avoka stajieri, ambaye bado anajifunza chini ya avoka mkubwa.

Tulikwenda Baro siku ya tatu. Tuliuliza swali moja: jina la mtu fulani likiwa kwenye kadi, tutahakikisha namna gani? Walituangalizia kwenye orodha. Jina la yule bwana wa koti jeusi halikuwamo. Jina la avoka wa pili lilikuwamo. Basi orodha inakuonyesha nani ni avoka, lakini haikuonyeshi nani anakufaa. Hilo la pili ni lazima ulitafute mwenyewe kwa maswali.

Avoka wa tatu tuliyemwona siku ile alitusaidia kwa kukataa. Alikuwa kijana. Alisoma komandema mpaka mwisho, akatuambia wazi kwamba yeye anafanya kesi za jinai, za watu waliofungwa, na kwamba kesi ya kukamatwa kwa nyumba ina hesabu za siku ambazo asiyezizoea anaweza kukosea. Akatuandikia majina mawili ya wenzake wanaoshughulika na nyumba na mikopo. Hakuomba hata franga moja. Tungeweza kumchukua yule mchangamfu, naye angechukua kazi. Huyu alijua mpaka wake, akatuepusha na hasara.

Siku ya nne tukafika kwa Metre wetu. Ni mama, wa miaka kama ya Yaya. Biro yake ni ndogo, ina meza mbili na feni isiyozunguka kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kwanza aliomba karatasi zote, si komandema peke yake. Yaya alikuwa amebeba kila kitu ndani ya kopo la maziwa ya unga: nakala ya mkataba wa mkopo, nakala ya sertifika, na vipande vidogo vya risiti, vingine wino umefifia. Metre alivitandaza mezani kama mtu anayepanga kapenta kwenye jua. Alisoma karibu nusu saa bila kusema neno. Sisi tulikuwa tunasikia mvua kwenye bati.

Kiisha akatueleza namna mambo yanavyokwenda, na tunawaandikia hapa kwa sababu hatukuwa tumesikia maelezo haya popote.

Kongo imeingia katika OHADA tangu Septemba 2012. Ni umoja wa mataifa 17 ya Afrika yenye sheria moja ya biashara, na ndani yake kuna sheria ya kudai madeni, iliyorekebishwa mwaka wa 2023. Kwa sheria hiyo, hata mkopeshaji mwenye haki hawezi kuamka asubuhi akauzisha nyumba yako. Kuna ngazi za kupanda. Kwanza lazima awe na karatasi yenye nguvu ya sheria, kama hukumu, au mkataba wa ipoteke uliofanywa mbele ya notere, ndiyo kusema nyumba imewekwa rehani. Pili, huisie analeta komandema, na siku 20 zinaanza. Tatu, zikipita bila malipo, komandema inaandikwa kwa konservateri wa titri za nyumba, na tangu hapo nyumba imekamatwa: huwezi tena kuiuzisha wala kuiweka rehani kama unavyotaka. Nne, avoka wa mkopeshaji anaweka tribinali kitabu cha masharti ya mauzo, na mwenye nyumba anaitwa akakisome. Tano, kuna siku ya kusikilizwa, ambapo pingamizi zinaamuliwa. Lakini pingamizi hizo ni lazima ziandikwe na kuwekwa kabla ya siku hiyo. Ukija na mdomo tu, umechelewa. Ngazi ya mwisho ndiyo mnada.

"Watu wengi wanakuja kwangu kwenye ngazi ya mwisho," Metre alisema. "Ninyi mmekuja kwenye ya pili."

Yaya alianza kulia hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya posho.

Tulimuuliza Metre kama nyumba itaokoka. Alisema: "Mama, siwezi kukuahidi kwamba nyumba itabaki. Ninaweza kukuahidi kwamba hakuna siku ya sheria itakayopita bila mimi kuandika." Tukatazamana. Ndugu ya muamuzi alikuwa ametuahidi zaidi. Lakini huyu tulimwamini.

Aliuliza jambo moja lililotuumiza. Je, Yaya alitia sahihi kwenye ipoteke? Hapana, hakujua hata kwamba ipo. Tulifurahi, tukadhani mlango umefunguka, kwa sababu Kodi ya Familia inataka mume na mke wakubaliane kabla nyumba haijawekwa rehani. Metre akauliza tena: ndoa yenu imeandikwa komine? Yaya akasema mahari ililipwa yote, familia zote mbili zilikula na kunywa, ndoa ina miaka 22. Komine? Hapana. Katika mkataba wa mkopo bwana wake alikuwa ameandikwa kuwa hajaoa.

Metre akatueleza kwamba ndoa ya kimila ni ndoa, lakini isipoandikishwa kwa ofisa wa hali ya raia, ni vigumu kuitumia mbele ya watu wengine wasiohusika, kama huyu mkopeshaji. Angeitaja, lakini hakutaka kuiegemea. Siku ile katika biro ile tulikuwa bamama watatu na Yaya. Kati yetu wanne, mmoja tu alikuwa na karatasi ya ndoa ya komine.

Basi avoka alitafuta mahali pengine. Alichukua risiti za kopo la maziwa moja moja, akazilinganisha na hesabu ya mkopeshaji. Risiti 6 hazikuwa zimehesabiwa. Zote pamoja zilifanya dola 1,140. Yaya hajui Kifaransa, lakini hakuwahi kutupa risiti hata moja, na hizo risiti zilifanya kazi kuliko machozi yetu wote.

Likabaki jambo la malipo ya avoka. Metre aliomba dola 600. Tukamwambia hatuna. Hakukasirika, tukasikilizana dola 450 kwa mara tatu, na akaandika mkataba wa kurasa mbili: kazi gani atafanya, malipo yake ni ngapi, na gharama za tribinali na za huisie zitalipwa mbali, kila moja na risiti yake. Alitusomea mstari kwa mstari kabla ya sahihi. Alisema pia kama tungekuwa hatuna kabisa, tungekwenda komine kuomba karatasi ya kuonyesha kwamba mtu hana uwezo, kiisha tuombe msaada wa Baro.

Franga za mara ya kwanza zilitoka kwenye likelemba. Sisi ni bamama 18, na zamu ya mwezi ule ilikuwa ya mama mmoja aliyengoja kulipia watoto shule. Alikubali kusogezwa mwezi mmoja, na watoto wake walifukuzwa darasani siku nne. Hatutaki kuificha hii. Mama mwingine alisema likelemba si kikapu cha madeni ya wanaume, akatoka katika kikundi, na mpaka leo hajarudi. Hakuwa na kosa lote. Tulipaswa kuwa na sanduku la taabu tangu 2019, na hatukuwa nalo.

Halafu kulikuwa na bwana. Metre alisema wazi kwamba mdaiwa ni yeye, na bila sahihi yake hawezi kufanya kitu. Nani atampigia simu? Yaya aliogopa. Tukampa kazi hiyo mama mkubwa wa kikundi, aliyemfahamu tangu akiwa kijana. Alimwambia: "Shemeji, hatukuite kukuhukumu. Watoto wanahitaji sahihi yako mbele ya siku ya posho." Alipanda basi usiku, akafika asubuhi na vumbi la njia ya Likasi kwenye viatu. Hakutuangalia usoni. Alikuwa amekopa ili anunue basi dogo la kubebea watu. Basi lilikufa injini mwaka wa pili, akaenda Kolwezi kutafuta kazi ili alipe kimya kimya bila kumtisha mke wake. Wote wawili walikuwa wanafichana jambo lile lile. Alitia sahihi, akakaa kwenye kiti cha Metre muda mrefu, mikono kati ya magoti.

Barua ya Metre ilifika kwa avoka wa mkopeshaji siku 2 kabla ya siku 20 kwisha, pamoja na nakala za risiti. Jina la avoka huyo lilikuwa ndani ya komandema yenyewe. Sisi hatukuliona. Yeye aliliona mara moja. Mkopeshaji hakusimama hapo. Aliendelea, akaweka kitabu cha masharti tribinali. Metre akaandika pingamizi na kuziweka kabla ya siku ya kusikilizwa. Tulikwenda siku ile 9 kati yetu, tukaketi nyuma. Hatukuelewa yote. Tulielewa tu kwamba mtu fulani alisimama na kutamka jina la familia ya Yaya bila kuona haya.

Kesi iliahirishwa mara mbili. Kati ya hizo siku, maavoka wawili walizungumza, na Februari wakaandika mapatano: deni lote likawa dola 6,000. Yaya na bwana wake waliuzisha kipande cha mbele cha parseli, pale palipokuwa na kibanda chake cha makala, kwa dola 5,000, mkopeshaji mwenyewe akikubali kwa maandishi, na kipimo kikafanywa kwa sheria. Zilizobaki 1,000 wanalipa 100 kila mwezi. Mnada ukafutwa.

Basi nyumba imebaki, lakini mbele yake sasa kuna ukuta wa mtu mwingine, na mti wa maembe uko upande wa pili. Yaya anauzishia makala ndani ya njia ndogo, wateja hawamuoni vizuri. Hatutawaambia kwamba alishinda. Watoto wake wanalala pale walipozaliwa, hiyo ndiyo tuliyopata.

Siku ya malipo ya mwisho kwa Metre, mama wa 2019 aliuliza juu ya jambo lake. Metre alimsikiliza vizuri. Akamwambia kwamba sheria ya dhamana ya OHADA hairuhusu mapatano ya mbele kwamba nyumba ya kukaa itakuwa ya mkopeshaji deni lisipolipwa, na kwamba riba ya kumnyonya mtu mwenye shida inaadhibiwa na Kodi ya Jinai ya Kongo. Ndiyo kusema, 2019 alikuwa na la kusema mbele ya tribinali. Lakini sheria ya ardhi ya 1973 inafanya sertifika mpya kuwa ngumu sana kushambuliwa ikipita miaka 2. Sasa kinachobaki zaidi ni kudai fidia, kama mkopeshaji atapatikana. Tulitoka nje bila kusema. Yeye ndiye aliyetufariji. Alisema: "Haiko kosa yenu. Hatukujua." Lakini sisi tunajua kwamba hatukuuliza.

Bamama, tunaacha hapa yale tunayotaka mukate na kubandika nyuma ya mlango.

Karatasi ya huisie ikija, andika juu yake tarehe uliyoipokea, na uionyeshe mtu siku hiyo hiyo.

Jina la avoka liangaliwe kwenye orodha ya Baro kabla ya kutoa franga.

Muulize: kesi za kukamatwa kwa nyumba umefanya? Nani atakayesimama tribinali, wewe au stajieri wako? Malipo ni ngapi, na gharama ni ngapi? Tutaandika mkataba? Nitapata nakala ya kila unachoweka?

Ukisikia "muamuzi ni ndugu yangu", simama uondoke. Ukiombwa kipande cha parseli, simama uondoke.

Usitie sahihi karatasi usiyosomewa, na sertifika yako isilale kwa mkopeshaji.

Risiti zote ziwekwe pamoja, hata za dola tano.

Mwisho, ndoa. Yaya na bwana wake wamekwisha kwenda komine ya Kampemba. Tangu hapo wanandoa 7 wa kikundi chetu wamefuata njia ile ile, wengine na wajukuu mgongoni. Anayetaka kusindikizwa aje siku ya posho mapema. Na sanduku la taabu limefunguliwa: kila mama anatia kidogo anachoweza, na funguo ziko kwa mama wa Hewa Bora. Tulimchagua kwa sauti moja.